Hodi Upande wa Kushoto

Wiki tatu zimepita tangu nivue buti zangu za kazi na kuzitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha matandiko. Msiziondoe. Sijafa. Nimestaafu tu, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, magoti ya miaka sabini, na mgongo ambao hakuna anayejua umri wake.

Ninyi mnaobaki zizini mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kuzunguka mapipa. Naledi, ambaye sasa anashika nafasi yangu, alinishauri nianze na vikombe. Vikombe viko Troyeville, juu ya friji la mama yangu, na kikubwa kuliko vyote kinahifadhi vitunguu saumu. Habari ya vikombe imekwisha. Nitawaandikia habari ya ufagio, ya mzee mmoja aliyeitwa Papa Kasongo, na ya farasi jike aitwaye Kashata, ambaye nusura nimpoteze kwa sababu nilikuwa hodari mno wa kupanda na mvivu mno wa kutazama.

Najua mama atawasomea hili wenzake wa jumuiya, kwa hiyo wacha nieleze mchezo wenyewe. Mapipa matatu husimamishwa uwanjani mithili ya mafiga, ila ni mafiga ya jiko la zimwi. Unaingia shoti, unazunguka pipa la kwanza, la pili na la tatu, kisha unarudi langoni kama mtu aliyesahau chungu motoni. Kuna ruhusa ya kuanza na pipa la kulia au la kushoto. Ukianza kulia, utakata kona moja ya kulia na mbili za kushoto. Ukianza kushoto, kona ya kushoto ni moja tu na za kulia ni mbili. Hilo likumbukeni. Pipa likianguka unaongezewa sekunde tano, na katika mchezo unaomalizika kabla hujamaliza Salamu Maria moja iliyosaliwa vizuri, sekunde tano ni umri wa mtu.

Nilizaliwa Morogoro. Baba alikuwa mmoja wa watu wa huku Afrika Kusini waliokimbilia kwetu enzi za ubaguzi. Akamuoa mama, wakanipata mimi, na mambo yalipogeuka akatuleta kwao. Nilikuwa na miaka tisa, na farasi nilimjua kwa picha tu. Baba alitaka wakili katika familia, nami nilisoma sheria miaka miwili chuo kikuu pale Braamfontein, kwa utiifu na bila furaha. Jumamosi moja mwanafunzi mwenzangu akanialika tukamtazame dada yake akishindana, kusini mwa jiji la Johannesburg, kule ambako nyumba zinakoma na majani ya manjano yanaanza. Nilisikia kwato kabla sijaziona. Zilipita ardhini, zikapanda kwenye nyayo zangu, zikaingia kifuani na kukaa. Zikikaa hapo hazitoki, mnajua. Jumatatu nilirudi darasani nikakuta sheria imekuwa karatasi. Baba hakunisemesha kuanzia Pasaka hadi Krismasi.

Mwenye zizi alikuwa Tannie. Jina hilo ni shangazi kwa Kiafrikaans, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwita lingine. Siku yangu ya kwanza alizitazama buti zangu mpya, akanitazama mimi, akanipa ufagio. Alisema nitapanda farasi siku nitakayoweza kumwambia mavi ya leo yana tofauti gani na ya jana. Nilidhani ananitania. Nilifagia miezi mitatu. Mpaka leo, nipeni koleo moja la mavi na nitawaambia nani hajanywa maji, nani ana minyoo na nani kaiba shayiri ya jirani. Hakuna chuo kinachofundisha hilo, na mkikiona, msilipe ada.

Aliyenifundisha kushika ufagio huo ni Papa Kasongo, mtunza farasi. Alikuwa Mkongomani wa Likasi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika. Kwao hakuwahi kumgusa hata punda. Alikuja Johannesburg, akapata ulinzi kwenye lango la zizi letu, akawa anaongea na farasi ili asisinzie, mpaka Tannie akagundua kwamba wanamsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Kiswahili chake na changu viliishi kama majirani wanaoazimana chumvi huku kila mmoja akiamini mwenzake hajui kupika. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Alifikiri kidogo, akajibu, "Bonjour, mwana yangu."

Alinifundisha kupitisha kiganja kwenye miguu yote minne kila asubuhi kabla ya chai, kutafuta joto. Alinifundisha kukaza mkanda wa tandiko mara mbili, kwa kuwa farasi mjanja hujaza tumbo hewa mara ya kwanza na kukuacha ukining'inia baadaye kama kanga kwenye kamba. Alinifungia kiunoni chuma cha kuchokonolea kwato, akasema nikikikosa nijihesabu niko uchi. Na alikuwa na desturi moja niliyoiona ya kizee: hakuingia kwenye kibanda cha farasi yeyote bila kusema hodi. Anasimama mlangoni, anasema hodi, anangoja sikio la farasi ligeuke, ndipo anaingia. Nilipomcheka alishangaa kweli.

"Unaingiaka mu nyumba ya watu bila hodi?"

Basi nikawa nasema hodi akiwa karibu. Akiwa mbali, nilisukuma mlango.

Kashata alifika mwaka wangu wa tatu. Alikuwa anavuta mkokoteni wa makaa ya mawe huko Soweto, mwenye mkokoteni akazeeka, na watu wema wakamleta kwa Tannie. Alikuwa mdogo, na damu ya farasi wa milima ya Lesotho ndani yake, rangi ya kashata ya nazi iliyokaa motoni dakika moja zaidi. Maisha yake yote alikuwa amevishwa vile vipande vya ngozi vya pembeni mwa macho, ili aone njia ya mbele tu. Tulipomvua, alisimama nusu siku nzima akitazama ulimwengu wenye pande.

Alijua mambo ya mjini. Nikimtoa barabarani, taa nyekundu ikiwaka kwenye robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, anasimama mwenyewe, na hata umpige teke hatembei mpaka magari yatembee. "Eish, huyu iko na leseni," Papa Kasongo alisema, "kuliko wale wa teksi." Honi hazikumshtua, pikipiki hazikumshtua. Kitu alichokiogopa duniani ni mwavuli. Akiona mwavuli umefunguliwa, hata mwekundu wa mtoto, anarudi kinyumenyume hadi mkoa mwingine.

Nilimpeleka kwenye mapipa kwa mwendo wa kutembea, bila matumaini makubwa. Alilizunguka la kwanza taratibu, akajikunja kama upinde, na kati ya ubavu wake na pipa akaacha nafasi. Nafasi ileile pipa la pili, ileile la tatu. Nilishangaa inatoka wapi, mpaka nilipomwona Papa Kasongo kwenye uzio anacheka peke yake. Farasi alikuwa anaacha nafasi ya gurudumu. Miaka yote ya kukata kona za vichochoro bila kukwaruza ukuta wa mtu, na sasa anavuta mkokoteni usiokuwepo. Wengine hutumia miaka kumfundisha farasi nafasi hiyo. Wangu alikuja nayo.

Miaka sita iliyofuata ilikuwa mizuri, na mambo mazuri hayana mengi ya kusimulia. Watangazaji walilitamka jina langu kwa namna nne tofauti. Mama alianza kumwita Kashata mkwe wake, kwa maelezo kwamba ndiye pekee niliyewahi kumleta nyumbani. Baba, aliyeapa kutokanyaga uwanjani, alikanyaga, akasimama nyuma ya gari la mtu ili nisimwone, na baadaye akanisahihisha namna ya kukata pipa la tatu.

Mwaka wa saba mapipa yakaanza kuanguka.

Kwanza la pili. Wiki mbili baadaye la pili na la tatu. Tulikuwa tunaanza kulia siku zote, kwa hiyo hizo zilikuwa kona zetu mbili za kushoto. Pipa la kwanza, la kulia, halikuguswa hata siku moja. Someni tena sentensi hizo. Mwanafunzi wa sheria alikuwa na ushahidi wote mezani, akamhukumu asiye na hatia. Niliamua kwamba Kashata amekuwa mjanja, anakata kona ili amalize mapema akale. Nikambadilishia lijamu, nikampa kali zaidi. Nikamzungusha kona za kushoto kila siku, ishirini, thelathini, mpaka akawa anatoka jasho akiliona lango tu. Farasi aliyekuwa anaingia uwanjani kama anaitwa chakula, sasa nilimwingiza kwa kumvuta.

Asubuhi moja Papa Kasongo alinijia nikiwa natandika, wapandaji wengine wamesimama karibu. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema, "Mwana yangu, ule farasi haonake muzuri. Minaona anageuza kichwa yote kutafuta ndoo."

Nikamjibu kwa sauti ya juu. "Papa, kazi yako ni ufagio. Mapipa niachie mimi."

Mtu mmoja alicheka puani. Papa Kasongo alisema, "Bon," yaani sawa kwa Kifaransa, akachukua ufagio wake akaenda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Nimeanguka mara nyingi mbele za watu katika kazi hii, mara moja nikiwa nimevaa suruali iliyochanika. Hakuna anguko ninalolionea haya kuliko hilo, na nilikuwa nimesimama.

Mashindano yaliyofuata Kashata aliangusha mapipa mawili na pipa la tatu likanichukua ngozi ya muundi. Tannie hakupandisha sauti. Alisema farasi anayeangusha mapipa leo ataangusha shingo yangu kesho, na kwamba lori la mnada linakuja mwisho wa msimu. Sote tulijua maana yake. Mnadani, farasi mdogo mwenye sifa mbaya hununuliwa na watu wanaompima kwa kilo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kashata, nimejaa hasira na machozi, sijui nilitaka kumgombeza au kumkumbatia. Nilisukuma mlango. Sikusema hodi. Nilimfikia kutokea kushoto, nikaweka mkono shingoni, na farasi aliyevumilia honi zote za Soweto akaruka kama ameungua, akanibana ukutani mpaka nikasikia ubavu wangu ukilia.

Papa Kasongo alikuja akanitoa. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahakikisha napumua. Kisha akatoa leso yake nyeupe mfukoni, akasimama upande wa kushoto wa Kashata, akaipeperusha karibu na jicho lake. Hakuna kilichotokea. Sikio halikutikisika, kope haikupepesa. Akazunguka upande wa kulia, akaipeperusha. Kashata akainua kichwa kwa mshtuko. Akarudia mara tatu, kushoto, kulia, kushoto, kisha akaikunja leso yake vizuri na kuirudisha mfukoni. Laiti angenitukana.

Daktari wa mifugo alithibitisha. Ni ugonjwa wa macho unaokuja na kuondoka, na kila ukiondoka unaondoka na kitu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kidogokidogo, mwaka mzima labda. La kulia lilikuwa safi, kwa sasa. Nilimuuliza kama anaweza kukimbia tena. Alisema wapo wanaokimbia na jicho moja, mradi mpandaji akubali kuwa jicho la pili.

Jumapili nilikwenda kwa Papa Kasongo, Bertrams, kuomba radhi. Sikwenda peke yangu; kwetu huendi kuomba radhi kwa mzee mikono mitupu na bila mtu mzima. Nilibeba sukari na doti ya kanga ya mkewe, na nilimbeba mama. Mama hakunipa hata nafasi ya kufungua mdomo. Alimwambia Papa Kasongo kwamba mtoto huyu kamzaa mwenyewe, kamnyonyesha mwenyewe, ila ufidhuli huu kaokota njiani na hajui ni kituo gani. Nilipiga magoti, ubavu ukiuma, nikasema nilichokuja kusema.

Papa Kasongo alimtazama mama, si mimi. "Mama, yule farasi ashamusamehe. Miye ni nani?" Kisha akanigeukia. "Lakini ufagio, sasa utafagia weye."

Nilifagia mpaka mwisho wa msimu, na Papa Kasongo ndiye aliyenipa dawa. Alisema kona mbaya moja ni afadhali kuliko kona mbaya mbili, tuanze kushoto. Jambo dogo kulitamka. Mwambieni mtu mzima aandike kwa mkono mwingine, harakaharaka, huku anakimbia. Tulianza kwa kutembea, kama mara ya kwanza. Lijamu kali nililitupa. Ikabaki ile kona moja ya kushoto, pipa ambalo Kashata hangeliona kabisa. Nilimuuliza Papa Kasongo nifanyeje hapo. Alinitazama kama aliyeulizwa maji yanapatikana wapi akiwa kando ya bomba.

"Unapigaka hodi."

Kwa hiyo tukamfundisha. Kila aliyemfikia kushoto, kumlisha, kumpiga brashi, kumtandika, alisema hodi kwanza, kisha akamgusa. Na mimi, nikiwa mgongoni, tukilikaribia pipa la kushoto, nilisema hodi na kumgusa kwa goti. Hodi, pana kitu hapo, acha nafasi. Wiki ya kwanza aliliangusha pipa kila siku. Wiki ya nne aliligusa tu. Wiki ya sita asubuhi moja, umande bado upo, nilisema hodi, naye akajikunja, na pembeni mwa goti langu ikapita ile nafasi ya gurudumu, nzima, kana kwamba haijawahi kuondoka. Tannie alikuwa kwenye uzio na kahawa yake. Alisema nina mashindano ya mwisho wa msimu, basi. Pipa moja likianguka, lori litakuja kama lilivyopangwa. Hakuwa mkatili. Aliipenda shingo yangu kuliko nilivyoipenda mwenyewe.

Siku yenyewe mawingu ya alasiri yalijipanga kama kawaida yake. Nikiwa langoni nilimwona mama, mstari wa mbele, upande wa kushoto, na juu ya kichwa chake mwavuli wa maua mekundu, umefunguliwa wote. Nilimpungia aufunge. Alinipungia pia, kwa furaha. Hapakuwa na muda. Papa Kasongo alimshika Kashata shingoni kutokea kushoto, akamwambia hodi taratibu, akamwachia.

Tulipita mbele ya ule mwavuli kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye, na Kashata hakuuona. Upofu nao una fadhila zake. Pipa la kushoto lilikuja. Nilisema hodi, sijui kwa sauti au moyoni, goti likagusa, naye akaingia konani kwa kuniamini, nusu ya dunia yake ikiwa giza. Kosa lilikuwa langu. Nilikaa vibaya kwa unywele mmoja, na muundi wangu ukaligonga pipa. Nililisikia likiyumba nyuma yetu. Mnajua sheria: ukilitazama pipa, umelifuata. Sikutazama. La pili aliliona mwenyewe, la tatu aliliona mwenyewe, na tukarudi langoni mvua ikianza.

Saa sikuitazama. Nilimtafuta Papa Kasongo. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake ya sufu, jicho moja tu liko nje, linatazama pipa. Nikaligeukia. Lilikuwa bado linacheza kwenye ukingo wake, linazunguka polepole kama mtu anayetafuta pa kukaa. Kisha likakaa.

Kikombe cha siku hiyo ndicho chenye vitunguu saumu. Tannie alimpigia simu mwenye lori hapohapo, akaongea kidogo, akakata, akapita karibu yangu na kusema, "Sharp." Katika miaka yangu yote zizini ndiyo sifa pekee aliyonipa.

Tulikimbia miaka mingine minane, tukianzia kushoto. Papa Kasongo alistaafu katikati, na sasa anashona suti za watu nyumbani kwake Bertrams, akiwagombeza wateja wasiosimama wima. Mwezi uliopita nilipokuwa namlisha Kashata niliona anageuza kichwa chote kutafuta ndoo, upande wa kulia. Sikumwita mtu. Nilitoa leso yangu, kushoto, kulia, kushoto. Jioni nilimpigia Papa Kasongo. Akauliza, "Nani ameona?"

"Ni mimi, Papa."

"Bon," akasema, na safari hii lilikuwa neno jingine kabisa.

Ndiyo maana tumestaafu siku moja, mimi na Kashata. Yuko kibanda cha tatu. Ndoo yake msiisogeze hata kwa shibiri, na mwavuli sasa mnaweza kufungua. Mkienda kwake, simameni mlangoni mseme hodi, mngoje sikio ligeuke. Mtaona anasogea na kuwaachia nafasi, kubwa kuliko mnayohitaji. Hiyo ni ya mkokoteni. Piteni.